Supu ya Arobaini

Pale Igogo, mwulize mtu yeyote anayependa supu, atakuelekeza kwa Sihaba. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anapika utumbo, maini na kongoro katika banda lake la mabati, na hajatokea mteja aliyekunja uso kwa sababu ya uchungu wa nyongo. Wanawake wanaotaka kuanza kazi hiyo huja kwake kwanza kutazama mikono yake.

Ini likitoka machinjioni huwa bado lina joto. Sihaba hulipindua juu ya ubao, ndipo kifuko cha nyongo kinapoonekana, kimejibanza chini ya ini, kijani kinachoelekea manjano, kimetuna kama kibofu cha mtoto aliyebanwa na mkojo. Kifuko chenyewe hakigusi. Hushika shingo yake, pale kinapogeuka kuwa mrija, akaibana kwa vidole viwili na kupitisha kisu nje ya vidole.

"Ini unaweza kulikata ukiwa na hasira zako," huwaambia wanaojifunza. "Nyongo ikate ukiwa umesamehe watu wote."

Wala haitupi. Marehemu mama yake alimfundisha kusugua nyongo kwenye kanga iliyodondokewa na mafuta, kisha kuifua. Mafuta hulainika, yakaondoka na maji. Mara mojamoja, katika ng'ombe mzee, alikuta vijiwe ndani ya kifuko, vya kahawia, vyepesi. Alivitupa kwenye majivu na kuendelea na kazi. Vijiwe vya ng'ombe aliona ni habari za ng'ombe.

Sihaba ana mtoto mmoja tu, Raya, ambaye alifiwa na baba yake akiwa bado ananyonya. Raya aliolewa na Lukman, fundi wa mashine za boti wa Kirumba, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza alirudi kwa mama yake akae arobaini, kama ilivyo desturi. Sihaba alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu. Alifunga banda, akaweka sufuria kubwa nyumbani, akamwambia kila jirani kwamba mzazi wake hatatoka ndani na mashavu yaliyobonyea.

Akaanza kumlisha. Asubuhi supu ya kongoro yenye uboho, pilipili manga na tangawizi. Mchana kuku aliyeelea kwenye samli. Jioni uji wa ulezi, na humo pia alitia kijiko cha samli, akakikoroga mpaka kikapotea. Raya alikunywa mpaka jasho likamtoka puani, na kila alipoweka bakuli chini mama yake alilichungulia kuona kama amebakiza.

Siku ya kumi na moja ndipo maumivu yalipoanza. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Raya alijikunja kwenye mkeka akiwa ameshika chini ya mbavu za kulia, akasema kinamkaza kitu hapo na maumivu yanapanda mpaka begani. Akatapika. Sihaba alisema hilo ni chango la uzazi, linataka tumbo lipate joto, na joto lilikuwa ndani ya sufuria. Akaongeza supu.

Mama Lukman, mama mkwe wa Raya, alikuja siku ya kumi na nne kumwona mjukuu. Ni mwanamke mrefu, mpole, asiyejua kunyamaza. Alisalimia, akambeba mtoto, akatazama bakuli lililokuwa mbele ya Raya, na mafuta yaliyoganda pembeni meupe kama nta.

"Mkwe," akasema, "mwanangu huyu unamlisha au unamnenepesha kwa ajili ya mnada? Mpe uji mtupu siku mbili tatu, tumbo lipumzike."

Majirani waliokuwapo walicheka. Sihaba naye alicheka, akajibu kwamba kwao mzazi hulishwa, na asiyejua kulisha huita uchoyo dawa. Mama Lukman alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaaga. Alipoondoka, Sihaba aliosha bakuli lile kwa nguvu kupita kiasi.

Kilichofuata ndicho ambacho Sihaba hajamwambia mtu. Yeye ni mwanamke anayeona. Humjua mteja mwenye homa kwa jinsi anavyoshika kijiko. Basi siku ya kumi na saba kuni zililowa, supu haikuiva, Raya akashinda kwa uji mtupu na ndizi za kuchemsha. Hakuumwa. Siku ya pili yake akala hivyohivyo, hakuumwa. Siku ya tatu supu ikarudi, na kabla ya alasiri Raya alikuwa amejikunja tena. Sihaba aliyaona haya yote, yakajipanga mstari kichwani, akayafahamu. Lakini mwishoni mwa mstari huo alikuwa amesimama Mama Lukman na uji wake. Sihaba akachota supu.

"Mama, hii ndiyo inayonikaza," Raya alisema.

"Kunywa. Unanyonyesha."

Akanywa.

Siku ya ishirini na tano Sihaba alitoka kumwaga beseni ambalo Raya alijisaidia usiku. Aliona mkojo wa Raya kwenye beseni, mweusi kama chai ya rangi, na choo chake kimepauka kama udongo wa kupakia ukuta. Alisimama na beseni mkononi. Akaingia ndani, akamgeuza Raya uso uelekee dirishani, akamfunua kope. Weupe wa jicho ulikuwa umegeuka manjano. Mwanamke aliyekata nyongo miaka ishirini na miwili aliitambua rangi ile. Hapo ndipo alipompigia simu Lukman.

Katika hospitali kubwa walimpiga picha ya tumbo. Daktari, kijana aliyeitwa Nathaniel, alichukua karatasi ili amchoree mama huyu asiye na shule nyingi. Alichora ini chini ya mbavu za kulia, pande lake la kulia kubwa na la kushoto dogo. Akasema ini ndilo linalotengeneza nyongo, mchana kutwa, na kifuko huihifadhi na kuifanya nzito. Mtu akila mafuta, yakifika kwenye utumbo mwembamba, kifuko hupewa habari. Kinajikamua, nyongo inashuka kwenye mrija na kwenda kuyavunja mafuta yawe matone madogomadogo, tumbo liyaweze.

"Kama kanga," Sihaba akasema.

Daktari hakuelewa, akaendelea. Kifuko cha Raya kilikuwa na mawe. Mimba huifanya nyongo iwe nzito na kifuko kiwe kivivu, kwa hiyo mawe huenda yalikuwapo kabla hajajifungua, yametulia. Kila alipokula mafuta kifuko kilijikamua juu ya mawe hayo. Mwishowe moja lilitoka, likakwama kwenye mrija mkubwa. Nyongo ikakosa njia ya kwenda utumboni, choo kikakosa rangi yake, nayo ikarudi kwenye damu. Sasa mrija ulikuwa umeingia usaha.

"Alikuwa anakula nini?" akauliza.

Sihaba alifungua mdomo. Raya akamtangulia kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, macho yake ya manjano yakitazama dari. "Nilimwambia mama."

Lukman aliangalia viatu vyake.

Walimtoa lile jiwe, na homa ilipopungua wakakiondoa kifuko chenyewe. Alilala hospitali wiki tatu na zaidi. Mtoto alikuwa Kirumba kwa bibi yake, ananyonya chupa, na maziwa ya Raya yalipokauka hakuna aliyeshangaa. Sihaba alikaa kwenye benchi la nje kila siku. Mama Lukman alipokuja alimwamkia vizuri, akamletea chai, wala hakutaja uji hata mara moja. Sihaba angependelea atukanwe.

Siku ya kuruhusiwa, arobaini ilikuwa imeshapita. Raya alisema anakwenda kwa mume wake. Alilisema kwa adabu, kama mtu anayeaga baada ya shughuli.

Wiki iliyofuata Sihaba aliamka akapika sato. Alimtoa matumbo huku mawazo yake yako Kirumba, akamchemsha kwa maji, ndimu na chumvi kidogo, bila tone la mafuta. Akamtia kwenye hotipoti akaenda Kirumba. Raya alimpokea, akamwamkia, akafungua kifuniko. Mama yake alimwona akiinamisha hotipoti kuelekea mlangoni ili mwanga upige juu ya mchuzi. Alikuwa anatafuta macho ya mafuta.

"Nitakula baadaye, mama," akasema, na kuipeleka jikoni mwenyewe.

Wakaongea habari za mtoto. Sihaba alipoaga, Mama Lukman alikuwa sokoni, na Raya alimkabidhi hotipoti yake. Desturi ni kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Huwekwa sukari, au mayai, au chochote. Kilikuwa kizito. Sihaba alikibeba na moyo wake ukapata nafuu kidogo.

Alikifungua barabarani, karibu na uwanja wa mpira. Ndani alikuwa sato wake. Lakini hakuwa mzima. Upande wa tumbo palikuwa pamemegwa kipande kidogo.

Sihaba akamega palepale pembeni, akatia mdomoni. Ilikuwa chungu: nyongo ya samaki. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuipasua hata moja, na asubuhi hiyo aliipasua bila kujua. Alitafuna mpaka mwisho, akameza. Raya alikuwa ameonja, akakuta uchungu, akafunika, na hakumwambia mama.