Gesi ya Chai

Nilipoolewa Kisegi nilikuja na kazi niliyoijua, kuuza gesi ya kupikia. Migori nilikuwa nimeuza miaka sita bila kumshawishi mtu. Wengi kule ni wapangaji, mwenye nyumba hataki moshi, na kuni zimeadimika tangu miti ikatwe kukaushia tumbaku. Mtu alileta mtungi mtupu, akaondoka na uliojaa. Nilidhani mimi ni mfanyabiashara hodari.

Kisegi nilipanga mitungi ishirini mbele ya duka. Mwezi wa kwanza niliuza mitatu, miwili kwa walimu na mmoja kwa nesi, wote wageni kama mimi. Wenyeji walinisalimia vizuri, wakapita na kuni zao kichwani.

Mama mkwe alinionea huruma.

"Nyar Migori," aliniita, maana huku mke huitwa binti wa kwao, "leta hiyo kitu yako nipike ugali, watu waone."

Nikampelekea mtungi mdogo wa kilo sita, ule ambao jiko hukaa juu yake. Siku hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja, na akaweka sufuria ya watu kumi na mmoja. Maji yalipochemka akatia unga, akashika mwiko kwa mikono miwili, akaanza kusonga. Mtungi ukaanza kutembea. Ulitoka ukutani ukaelekea mlangoni, naye akaufuata akisonga.

"Shika!"

Nikachuchumaa, nikaukumbatia hadi ugali ukaiva.

"Kuni inataka mtu mmoja," akasema bila ubaya wowote. "Hii inataka wawili."

Majirani waliosimama mlangoni wakamuunga mkono. Wiki ile sikuuza kitu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kupika kwa kuni ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe unaoitwa nyoyo. Huchukua nusu siku kuiva, na sikuwa tayari kuuchomea gesi. Mwalimu mmoja alikuja kununua akanikuta napuliza moto, machozi yakinitiririka.

"Gesi imeisha?"

"Hapana, iko."

Alinunua, lakini alifikiria kwanza.

Mvua ya masika iliponyesha siku tisa mfululizo, kuni zote zikalowa. Asubuhi moja mama mkwe alifika dukani, amejifunika gunia kichwani.

"Nipe ile ya kutembea."

"Ya kupikia ugali, Mama?"

"Ya chai. Chai haisongwi."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, walikuja wanawake wanne. Kila mmoja aliomba gesi ya chai, kana kwamba ni aina tofauti. Sikuwarekebisha. Kufikia mwisho wa mvua mitungi yote ilikuwa imeondoka, na nilisikia furaha ambayo Migori sikuwahi kuisikia.

Jua liliporudi hawakuiacha. Ila mtungi wa kupikia chai tu hukaa miezi mitatu kabla ya kujazwa tena. Nikapunguza kuagiza, na nafasi iliyobaki dukani nikaweka majani ya chai na sukari. Hivyo vinatoka haraka.