Mstari Uliokuwa Ukirudi

Ofisini tulimwita Profesa, ingawa shule aliiachia kidato cha nne. Wiki ile tovuti yetu ilianza kukataa wateja. Profesa alifungua faili ya mipangilio ya seva, akabadilisha mstari mmoja, tovuti ikafunguka. Baada ya saa moja mstari ukarudi ulivyokuwa. Akabadilisha tena, ukarudi tena. Siku tatu nzima.

Nywila walikuwa nayo wawili tu, yeye na dada wa meza ya pili, ambaye Profesa mwenyewe alimfundisha kazi.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Profesa alimwambia meneja mbele yetu sote.

“Kaka, nikuharibie ili nipate nini?” dada aliuliza.

Profesa aligeukia skrini yake. Nasi, mabingwa wa umbea, siku hiyo tulikuwa mabubu. Ijumaa dada aliachishwa kazi, akaondoka na kikombe chake.

Jumatatu mstari ukarudi.

Ndipo Profesa alipochimba, akakuta skripti, yaani programu ndogo ya Python, inayoamka yenyewe kila saa na kurudisha mipangilio ya zamani, ili mtu asivuruge seva kwa mkono. Juu yake paliandikwa jina la aliyeitunga. Ni yeye, miaka sita iliyopita, na alikuwa ameshaisahau.

Akampigia dada. Simu iliita mpaka ikakatika.

Kuifuta skripti ni kazi ya sekunde mbili. Yeye alikaa akiikodolea macho hadi saa ilipotimia na mstari ukarudi.

“Inafanya kazi vizuri sana,” akasema taratibu.