Ubao Uliokosa Mtu Mzito

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usanifu majengo waliingia chuoni kwetu Musoma wakichora maghorofa yanayoelea. Ukiuliza paa limeshikwa na nini, unajibiwa, "Nguzo zipo, mwalimu, ila zinaharibu sura."

Basi nikalaza ubao juu ya madawati mawili, nikamkalisha katikati mnene wa darasa, waone boriti inavyopinda. Ubao haukushtuka. Nikaongeza wa pili. Wapi! Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari hakuna, ugali ni wa mahindi ya njano ya msaada. Darasa zima lingekaa pale, ungedhani kunguru wametua.

"Tumwite mtu wa stoo," akasema msichana mmoja wa Bunda. "Yule kila siku anasemaga sukari imeisha, lakini mwili wake haujapata taarifa."

Akaja kifua mbele, amefurahi kuitwa kusaidia elimu. Akakaa. Ubao ukapinda vizuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni, ukaanza kulia. Nikawaonyesha: juu unabanwa, chini unavutwa.

"Utaanza kupasuka wapi, mwalimu?" akauliza yule msichana.

"Chini. Mbao huchoka kuvutwa."

"Na atakayeanguka ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, ubao ulimjibu. Mtu wa stoo alitua sakafuni puu, akanyoosha mkono ainuliwe. Darasa zima lilikuwa limeinama, linaandika.