Nilipoandika Kushika Badala ya Kugusa

Kosa langu la kwanza kama refa lilikuwa neno moja. Niliandika "kushika" mahali palipotakiwa "kugusa". Niliandika kwa wino, katika daftari la kurasa kumi na moja, na kwa miezi minane sikumruhusu mtu yeyote alihoji.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe. Watu wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika aliyemtunga: shujaa wa upanga, mwizi, tabibu. Hakuna skrini. Mtu mmoja anasimulia hatari iliyo mbele yao, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka bahati inaamua. Huyo anayesimulia na kutoa uamuzi sie tunamwita refa. Bahati yetu ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga: vizibo ishirini vya soda, kila kimoja kimeandikwa namba kwa ndani. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kutazama. Namba ikiwa kubwa ya kutosha, umefanikiwa.

Hakuna aliyenifundisha. Nilizipata kanuni kwa Kiingereza kwenye simu, nikazisoma peke yangu na kamusi pembeni, nikazitafsiri. Nina tabia nisiyoipenda: kitu nikishakiandika kwa rula na mwandiko safi, naanza kuamini kwamba ni kweli. Ukurasa wenye herufi moja iliyokosewa nilikuwa nauchana na kuanza upya. Kosa la maana nzima halikunisumbua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri.

Lilikaa kwenye sehemu ya nguvu za kiganjani. Tunasema nguvu kwa sababu neno uchawi mama alilikataa, na baraza tunalochezea Kinondoni ni lake. Nguvu nyingine mhusika anazirusha kutoka mbali. Nyingine hazifanyi kazi mpaka kiganja chake kimfikie mtu. Nilipofika hapo nikaona kugusa ni jambo dogo mno, kitu kinachotokea kwa bahati mbaya sokoni. Mtu mwenye moto mkononi hagusi, anashika. Basi nikaandika kushika, kisha nikajenga kanuni zangu juu ya neno hilo: ili umshike mtu lazima uizidi namba yake ya ulinzi, pamoja na vazi lake la chuma. Ukikosa, umeshika hewa na nguvu imepotea.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Mdogo wangu wa kike, ambaye haogopi kuniambia kitu. Mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo kutoka Njombe aliyepanga nyumba ya jirani, ambaye shujaa wake alivaa chuma kuanzia kichwani hadi miguuni. Na mshikaji wangu wa Vingunguti. Mtaani mshikaji ni rafiki tu, lakini kwake yeye ilikuwa kazi pia. Alikuwa machinjioni. Wenye visu walikuwa wengine. Yeye alikuwa miongoni mwa wanaomlaza ng'ombe na kumshikilia. Mkono wake mmoja ulitosha kuficha kopo letu lote. Na mtu huyo, kati ya wahusika wote aliokuwa na uhuru wa kuwatunga, alichagua kuwa tabibu.

Jumamosi moja alasiri shujaa wa mwalimu alianguka darajani, akabakiwa na pumzi chache. Tabibu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, uponyaji tayari kiganjani. Mshikaji akasema anamwekea mkono kifuani. Nikamwambia achomoe kizibo. Akaniuliza cha nini, huyu si adui. Nikafungua daftari, nikamsomea: anamshika mtu aliyevaa chuma, anahitaji kumi na saba au zaidi.

Akachomoa tisa.

"Kwa hiyo Mwalimu anakufa kwa sababu kavaa vizuri," akasema.

Mwalimu alicheka, akasema hata kwao Njombe mtu hafi kwa koti. Ningeweza kuishia kwenye kicheko hicho na kufikiri upya. Badala yake nikamwonyesha mshikaji mstari wenyewe kwa kidole, nikaongeza kwamba na ile nguvu imepotea, asijaribu tena. Nilihofu kwamba nikilegeza kanuni moja, wataona kwamba mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui kitu. Yeye alitazama daftari, akanitazama mimi. "Sawa, refa," akasema.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja, na simu yangu alijibu kwa maneno mawili, nimebanwa kazini. Wiki ya tatu mwalimu aliuliza kama tuendelee kuweka kiti cha nne. Bila yeye meza isingedumu, hilo nililiona. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimempoteza rafiki yangu wa pekee niliyemheshimu kama kaka, na nilikuwa nimempoteza kwa kalamu.

Nilifanya ninachofanya nikiwa na wasiwasi: niliandika zaidi. Nikaongeza kurasa mbili za kufafanua ushikaji, pamoja na jedwali la aina za mavazi. Mdogo wangu alikuta nimezitandaza sakafuni, akasoma kidogo.

"We hukuwahi kucheza rede?" akaniuliza.

Nikamwambia rede ni mchezo wa wasichana.

"Ndio maana. Mpira ukigusa gauni tu, umetoka. Hakuna anayeuliza kama umeumia. Hakuna anayeuliza gauni zito au jepesi."

Kisha akaenda jikoni, akarudi amepaka kiganja unga wa sembe, akasema hiyo ndiyo nguvu yake, akanipa mfuniko wa sufuria nijikinge. Akanizunguka uani. Nilijitahidi kweli, lakini alama ya kwanza ilibaki kwenye mfuniko, akasema hiyo imehesabika. Akapaka unga upya, mara ya pili akanikosa, akaninyooshea kiganja: unga ulikuwa bado upo. Akanikosa tena, unga bado upo. Halafu pua ikamwasha, akaikuna bila kufikiri, unga wote ukahamia puani. Tulicheka mpaka mama akachungulia kuuliza unga wake unafanya nini huko nje.

Mimi niliacha kucheka mapema. Niliingia ndani, nikafungua ile kanuni ya Kiingereza, nikaisoma polepole kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Ilisema karibu yote niliyoonyeshwa uani. Nguvu ya kugusa haijali chuma, kwa sababu haihitaji kupenya. Inajali wepesi wa mtu kukwepa tu. Ukimkosa, nguvu inabaki mkononi mpaka uguse kitu, hata kama ni kwa bahati mbaya. Na rafiki anayekubali kuguswa hachomolewi kizibo. Unamgusa, basi. Mstari huo wa mwisho ulikuwa mfupi kuliko yote, na mimi nilikuwa nimeuruka kwa sababu haukulingana na neno langu.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilifikiria kubadilisha kanuni kimyakimya, niseme nimepata toleo jipya. Naungama hilo. Nilikuwa nimeshaanza hata kutunga sentensi. Kisha nikaamua kwamba nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, na kwamba sitajitetea.

Nilifika Vingunguti saa nne asubuhi, kazi kubwa ikiwa imeshapita. Nilimkuta nje akijimwagia maji kwenye gambuti. Nikamwambia: braza, nilikosea neno. Si kosa la bahati, si la vizibo. Nilitafsiri vibaya, hukupaswa kuchomoa kitu chochote, na tabibu wako alikuwa na haki.

Akamaliza kwanza kuosha buti la pili.

"Dogo, mie toka alfajiri nashika," akasema. "Pembe, kamba, miguu. Ng'ombe hataki, na mie simwachii. Jumamosi nakuja kwenu nimguse mtu, apone. Basi. Wewe ukaniambia shika."

Nilikuwa nimeandaa maelezo, nikayaacha. Yeye akanitazama, akauliza kama mwalimu anajua. Nikasema bado.

"Mwambie yeye. Aliyekufa ni wa kwake. Ukisema mbele yake, nakuja."

Jumamosi hiyo alikuja kweli, akakaa, mikono juu ya mapaja, akisubiri. Nilisimama. Daftari lilikuwa mbele yangu lakini sikulifungua. Nikamwambia mwalimu kwamba shujaa wake alikufa kwa kosa langu la tafsiri, nikaeleza neno lenyewe, nikaeleza na mstari nilioruka. Nikasema naomba turudi darajani, kwenye zamu ileile.

Mwalimu alivua miwani. Alisema ameshamtungia mrithi, binti wa yule shujaa, na kwamba msiba wenyewe ameshauzoea. Aliposema hivyo nikamtazama mshikaji, nikaona ameinamisha kichwa.

"Lakini wanafunzi wangu nawarudishia alama nikikosea kusahihisha," mwalimu akaendelea. "Huyo binti atasubiri. Tabibu, njoo, maana nakufa."

Mshikaji akasogeza kiti. Mdogo wangu akalitoa kopo la vizibo mezani, akaliweka chini. Mshikaji akanyoosha ule mkono wake mkubwa, akaweka ncha za vidole viwili juu ya karatasi ya shujaa wa mwalimu, kidogo tu, akauondoa.

"Nimemgusa," akasema.

"Amepona," nikasema.

Tumeendelea kucheza tangu siku hiyo, wanne kila Jumamosi. Bado naogopa kukosea. Kilichobadilika ni kwamba sasa mchezaji yeyote anaweza kusimamisha uamuzi wangu na kuniomba nisome kanuni upya mbele ya wote, nami nasoma, na nikikuta nimekosea nasema hapohapo.