Nilimwingiza Mume Wangu Daraja Lisilo Lake

Mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo kwa sababu watu wa chama chetu cha dansi hapa Mombasa wanadhani mkosaji ni mume wangu, na tangu mwaka jana nimewaacha wadhani hivyo.

Nilijifunza dansi za ukumbini nikiwa msichana Nairobi, hizi za mwanamume na mwanamke kushikana na kuizunguka sakafu kwa mpangilio. Nilifika daraja la juu kabisa kabla sijaolewa. Kisha mume wangu akapata kazi bandarini, tukahamia kisiwani, watoto wakaja, dansi ikaishia hapo.

Watoto walipokua, yeye mwenyewe akaniambia, "Mama Neema," tuseme jina ni hilo, "nifundishe na mimi. Nakuona ukipika unavyotingisha mabega." Jamani, mwanamume wa miaka hamsini na nne, kiuno kigumu, anaomba kufundishwa kucheza ili mimi nifurahi! Tukajiunga na chama kinachokutana Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mmoja huko Tudor.

Alikuwa mgumu, sikufichi. Alichora nyayo kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, akawa anazifuata, moja mbili tatu, moja mbili tatu, ulimi nje. Kazini alifanya mazoezi nyuma ya makontena wakati wa chakula, wenzake wakambandika jina la Bwana Harusi. Hakujali.

Mashindano yakatangazwa. Mwalimu wetu, mzee mstaarabu wa Mji wa Kale, akaniita kando. "Mama, mzee wako ndiyo kwanza aanza. Sheria yaruhusu, mmoja akiwa mwanafunzi, jozi yaweza kuingia daraja la chini. Ingieni huko, mucheze raha zenu."

Nikamwambia ahsante. Moyoni nikasema, mimi? Daraja la chini ni la watu wanaohesabu hatua kwa sauti. Tena nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha zambarau Biashara Street, fundi yuko katikati ya kushona gauni refu. Nijipange na wanaoanza nikiwa ndani ya gauni lile? Kilikuwa kiburi tu, sina jina jingine la kukipa.

Nikarudi nyumbani nikamdanganya. "Sheria inasema mmoja akiwa wa juu, wote wawili mnaingia juu. Hakuna njia."

Akauliza, "Huwezi kutafuta mtu wa kiwango chako ucheze naye? Mimi nitakaa nikushangilie." Hata njia hiyo alinipa, nikaikataa. Nilitaka kuonekana na mume wangu, na nilitaka kuonekana juu.

Siku ilipofika, tukaingia sakafuni. Wimbo wa kwanza tulipita salama. Wa pili ulikuwa wa kasi. Akapoteza hesabu kwenye kona, nami nikaanza kumvuta, mwanamke namkokota mwanamume mbele ya majaji. Akakanyaga gauni la mama wa jozi iliyokuwa karibu nasi. Likapasuka hadi kiunoni, na mama wa watu akaanguka kwa magoti.

Mume wangu aliinama kumwinua, samahani mama, samahani sana. Kuna waliocheka. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilisogea hatua mbili kando nikakunja mikono, kama vile sikuja naye.

Njiani kurudi nyumbani aliniomba radhi. Tukila, akaniomba tena. "Nimekuaibisha, mama. Umejitahidi na mimi, nami nimekuangusha."

Nikajibu, "Basi, yamepita." Yaani nilijifanya namsamehe mtu niliyemkosea mimi.

Baada ya wiki mbili mwalimu alikuja kumjulia hali, maana mazoezini hakuwa akionekana. Wakanywa chai. Mwalimu, bila ubaya wowote, akasema, "Ndiyo maana nilimwambia mama muingie chini." Mume wangu akaweka kikombe mezani. Hakuniangalia. Akamkaribisha mgeni mahamri mengine, wakaongea habari za mvua mpaka mgeni akaaga.

Nilisubiri anifokee, na ningeshukuru. Lakini alisema polepole, "Ungeniambia tu kwamba wewe unataka juu. Ningeingia. Ningeanguka nikijua naanguka kwa ajili yako."

Nililia, nikaomba msamaha. Alisema amenisamehe, na namwamini. Lakini viatu vyake vya dansi alimpa mlinzi wa jengo letu.

Mwezi uliopita binti yetu aliolewa. Mshereheshaji akawaita wazazi wa bibi harusi wafungue dansi. Mume wangu akamwambia mguu unamuuma. Mguu hauna neno! Nikacheza na shemeji yangu, nikacheza vizuri sana, watu wakapiga makofi, na mume wangu akapiga pamoja nao.

Wewe unayemzidi mwenzako, iwe kwa dansi au kwa lolote lile, nakusihi: shuka alipo yeye, mcheze huko. Na ukikosea, sema mapema, usimwache akuombe radhi kwa kosa lako. Mimi nilizipokea samahani zake zote, njiani na mezani, na hakuna hata moja iliyokuwa halali yangu. Nimejaribu kumrudishia. Kila nikianza, ananiambia basi, yamepita.