Mfuko wa Chumvi Uliorudi Kisangani

Picha ilitufikia kwa simu siku ya Ijumaa, tukiwa mezani nyumbani Kisangani. Mama Zaituni, dada mkubwa wa mama yangu, ameketi mbele ya nyumba yake Alunguli, ng'ambo ya mto ukitokea katikati ya mji wa Kindu. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, kitenge kimembana. Mama yangu aliibusu simu.

"Aksanti Mungu, amenona tena!"

Nyumba nzima ikashangilia. Lakini chini ya picha Asumani, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameandika kwamba mama siku hizi analala ameketi kwenye kiti. Akijilaza tu, pumzi inamkatika. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti, na mama yangu akaiweka simu mezani. Asubuhi ya pili nilianza kutafuta pikipiki ya kunifikisha Ubundu.

Kwa nini tulishangilia? Miaka ya vita mimi nilikuwa mtoto nyumbani kwa Mama Zaituni. Njia za mashamba zilifungwa, muhogo ukaozea ardhini bila wa kuuchimba, na mpunga ukaliwa na ndege. Njaa tuliizoea. Kilichomliza Mama Zaituni kilikuwa chumvi. Alichoma majani ya mtoni, akachuja majivu yake, akatupikia sombe, majani ya muhogo, kwa maji hayo machungu. Akipata chumvi ya kweli, kiasi cha ncha ya kidole, alitugawia sisi watoto, yeye akala hivyohivyo. Mifupa ya mabega yake ningeweza kuihesabu. Vita vilipokwisha aliapa kwamba chakula kisicho na chumvi hakitaingia kinywani mwake tena. Tangu hapo, katika ukoo wetu, anayekwenda kumwona hafiki bila mfuko wa chumvi. Nami nilinunua wangu soko kuu la Kisangani, nikaufunga nyuma ya pikipiki.

Ubundu nilifika jioni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kutoka hapo mtu hupanda mto kwa baleniere, mashua ndefu ya mbao yenye mota. Yetu ilibeba sabuni, baiskeli, magodoro na mbuzi wawili waliokataa kabisa kuelewana. Kwenda Kindu ni kupambana na mkondo. Kuna saa ambapo mti mmoja ukingoni hukaa mbele ya macho mpaka unaujua kwa matawi.

Baada ya siku kadhaa tulitia nanga mchana Lokandu, kituo cha njiani. Wanawake walishuka ukingoni na mabeseni ya samaki waliokaushwa, na mmoja akauona mfuko wangu.

"Chumvi hiyo unapelekea nani, papa? Unaoa?"

"Napelekea mama yangu mukubwa, Alunguli."

"Basi nunua na samaki. Chumvi peke yake atakula na nini, na mikono?"

Nikanunua, na ile mashua nzima ikacheka.

Alunguli tuliiona siku iliyofuata, asubuhi, kabla ya mji wenyewe. Asumani alinisubiri ukingoni. Nyumbani Mama Zaituni aliketi kwenye kiti chenye mito mitatu mgongoni, na nilipoinama kumsalimia nilisikia pumzi yake, fupi, kama ya mtu aliyetoka kupanda kilima. Hakuwa amesimama tangu alfajiri.

"Karibu, mutoto wangu. Unakonda! Huko Kisangani hawakupi chakula?"

"Wananipa, mama. Habari ya mwili?"

"Mwili njo huu, unauona. Majirani wote wanasema nimenona kama muke wa mutu mukubwa. Chumvi iko wapi?"

Nilimpa. Aliupapasa mfuko kama anavyopapaswa mtoto mgeni. Macho yangu yalikuwa chini: ndara zake zilikatwa pembeni kwa kisu ili miguu iingie. Niligusa kifundo cha mguu kwa kidole gumba, na nilipoondoa kidole shimo lilibaki palepale.

"Haya si mafuta, mama," nilisema.

"Ni nini basi? Miaka yote mulinililia juu nimekonda. Sasa nimenona, munalia tena. Munataka nini?"

 Asumani akatoka kwenda kutafuta chombo cha kuvukia.

Siku ya pili tulimvusha mto kwa pirogi, mtumbwi wa mota, mpaka mjini, hospitalini. Wapagazi wawili walimshusha kwa kiti, na yeye akawagombeza njia nzima kwamba wanamtikisa kama gunia la mpunga. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Feza, mwenye sauti ya taratibu. Alimsikiliza moyo, akamminya miguu, akatoa damu kidogo ya kupima homoni ya moyo, kwa kipimo ambacho walikuwa na vichache tu.

Matokeo yalikuja kabla ya adhuhuri. Kiasi kilikuwa cha chini, karibu na kile cha mtu mwenye afya. Asumani akaruka.

"Mama, hakuna kitu! Moyo uko sawa. Twende nyumbani."

Mama Zaituni alikuwa tayari ameshika kitenge chake. Ningekuwa na haraka kidogo, tungekuwa kwenye pirogi. Dokta Feza alikaa mlangoni, kwenye kiti, akaziba njia bila kuonekana kama anaziba.

"Mama, kaa kidogo. Nikueleze habari ya moyo, kisha uende ukitaka."

Alieleza kwa maneno ninayoweza kuwarudishia. Moyo hausukumi damu tu. Ukilemewa na maji mengi, kuta zake zinavutika, nao unatoa homoni ndani ya damu. Homoni hizo zinazifikia figo na kuziambia: toeni chumvi, toeni maji. Kwa hiyo daktari akikuta homoni nyingi katika damu anajua kwamba moyo unalia. Lakini kwa mtu mwenye mafuta mengi mwilini homoni huwa chache. Mafuta huzikamata na kuzimaliza njiani, na inawezekana moyo wenyewe unatoa chache zaidi. Hilo wataalamu bado wanalichunguza.

"Kwa hiyo kwa mama, kiasi kidogo si habari njema," alisema. "Mama ana mafuta ya miaka ya amani, na juu yake ana maji ya miezi hii. Mafuta yanaficha kilio cha moyo. Mimi naamini miguu yake, na kiti anacholalia. Na hapa," akageuza kioo cha mashine ya picha aliyompimia moyo asubuhi, "naona moyo wenyewe unasukuma kwa uvivu."

Mama Zaituni aliitazama miguu yake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na ile chumvi, inafanya nini?"

"Chumvi inashika maji. Moyo unasema toa, sufuria inasema kaa. Mama, nakuomba usiipike tena."

"Hapana."

"Mama..."

"Hapana, dokta. Weye ulikuwa wapi mwaka ule? Mimi nililambisha watoto majivu. Nilisema chumvi haitakosa mu nyumba yangu. Hata nikufe, nitakufa na chumvi."

Kilichofuata kingeweza kuwa ugomvi. Dokta Feza alivuta kiti karibu, akasema pole, akamwomba amsimulie majivu yale yalichomwa vipi. Mama Zaituni alisimulia, jani kwa jani, akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Wagonjwa wengine wakasogea. Mwisho daktari akasema, "Uliapa kwamba chumvi haitakosa nyumbani. Hukuapa kwamba itaingia kwako. Wakati ule wewe ulikuwa huili, na watoto walikuwa hai."

Mama Zaituni alimnyooshea kidole. "Unasema kama mukwe wangu mubaya," alisema. Lakini kitenge alikiachia.

Siku zile hospitalini alipewa vidonge vya kutoa maji, na alilalamika kwamba anakwenda msalani kuliko mtoto mchanga. Kabla ya kuruhusiwa aliambiwa apimwe uzito kila asubuhi: ukipanda ghafla, hayo si mafuta, ni maji, arudi haraka. Alunguli hatukujua mtu mwenye mizani ya watu. Asumani akakumbuka bascule, mizani ya magunia, ya Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini anayenunua mpunga karibu na soko. Asubuhi ya kwanza tulimpeleka kwa pikipiki, tukiwa wawili kumshika.

Papa Kambale aliondoa magunia yake mwenyewe, akafuta bamba kwa kitambaa.

"Panda, mama. Leo bei ni nzuri."

"Ukiniuza, uza kama mpunga mupya, si wa mwaka uliopita," alijibu.

Wanunuzi walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mama Zaituni naye akacheka; sikuwa nimesikia kicheko chake tangu nifike. Asubuhi baada ya asubuhi mshale ulishuka kidogo. Majirani waliotupita njiani walisikitika: pole mama, unakonda. Naye akawajibu, "Ninapungua maji, ninyi pungueni maneno." Jikoni binti wa jirani alimpikia sombe kwa ndimu, vitunguu na pilipili. Aliila kwa uso uliokunjwa, akiniambia kwamba majivu yalikuwa matamu zaidi.

Siku ya kurudi alinisindikiza mpaka mlangoni kwa miguu yake, jambo ambalo siku ya kufika lisingewezekana. Ndani nilikuwa nimeuona mfuko wangu umewekwa juu ya meza, haujafunguliwa. Alimwambia Asumani auchukue, kisha akanigeukia mimi.

"Rudisha kwa mama yako. Mwambie mimi nimeshiba."

"Mama, si uliapa haitakosa nyumbani?"

"Iko ingine kidogo mu chupa, kwa wageni. Hii kubwa ikikaa hapa, nitaiona kila siku. Mimi ninajijua."

Lokandu wale wanawake wa samaki walinitambua.

"Papa! Chumvi imerudi? Bibi arusi amekukataa?"

"Amekataa chumvi, mimi amenikubali."

Hawakuelewa, na mashua ilikuwa imeshaondoka, ikishuka na mkondo kwa wepesi ambao sikuuonja wakati wa kupanda.

Nilifika nyumbani nikiwa najua kitu ambacho ukoo wetu haukukijua. Tulijifunza katika njaa kumtazama mtu kwa unene wake, na macho hayo tulibaki nayo hata amani iliporudi. Mwili unaweza kujaa huku moyo ukiomba msaada, na unene uleule ukakizuia kilio chake kisisikike, hata na daktari mwenye kipimo mkononi. Tangu sasa tukipata picha kutoka Alunguli tutauliza kwanza: analalaje?

Njiani, Ubundu, simu yangu ilikuwa imepata mtandao. Ujumbe wa Asumani ulikuwa umesubiri tangu alfajiri. Nilimsomea mama yangu jioni hiyo mezani, mfuko wa chumvi ukiwa kati yetu: "Bascule imeshuka tena. Jana mama ametoa mito, amelala ubavu mpaka asubuhi."

Mama yangu aliibusu simu.