Siku ya Khanga za Sare

Mimi nina mdomo, sikatai. Kazi yangu ni kuwafanyisha watoto mazoezi ya viungo hapa Masasi, na mtoto akilia, mama yake akataka kumnyakua, namfokea mama, si mtoto. Labda ndiyo sababu nilikabidhiwa mimi kumrudisha nyumbani yule binti wa Chilangala, kule Newala.

Alikwenda Ujerumani kutibiwa ana miaka mitano, miguu imepinda, hajawahi kusimama. Alirudi ana miaka minane, vyuma miguuni, gongo mkononi, na anatembea. Lakini Kimakonde kilikuwa kimemtoka chote. Kiswahili kilibaki kidogo, tena cha adabu tu. Asubuhi aliyoamkia kwangu alimpa shikamoo kila aliyepita, hadi mbuzi wa jirani. Tulicheka, naye akacheka, kisha akauliza, "Mama yuko wapi?"

Mama yake ana kitochi, simu isiyo na picha. Miaka yote mitatu alisikia sauti tu, na sauti yenyewe ikazidi kufupika. Mwishoni mtoto alikuwa anapumua tu upande ule, na mama anapumua upande huu. Ilipokaribia siku ya kurudi, akawa ananipigia kila siku na swali lilelile: "Dokta, atanijua?"

Mimi si daktari, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni dokta. Nikamjibu, "Damu nzito kuliko maji, atakujua tu." Halafu nikampa amri. Asimbebe. Kule ugenini wamemfundisha kwa jasho, akirudishwa mgongoni miguu italala tena.

"Msubiri aje mwenyewe," nikasema.

"Nimesikia, dokta."

Tulipokuwa tunapanda kwenda Newala, mtoto alibandika uso kwenye kioo cha gari. Kila mwanamke mwenye kuni au ndoo kichwani, mtoto alimfuata kwa macho mpaka akapotelea nyuma ya mikorosho. Nikajua anatafuta. Nami mama yangu yuko mbali, Tukuyu, na nikajikuta natafuta pamoja naye kama mjinga. Nilimkumbuka mama.

Tulipofika, lo! Uwanja umejaa. Wanawake wote wa ukoo walikuwa wamenunua khanga za sare, za manjano, wakajifunga na kujitanda namna moja. Ndivyo wanavyofanya kwenye shughuli ya heshima, na hii kwao ilizidi harusi. Vigelegele vikapasuka. Mjomba wa mtoto, ambaye neno lake pale ndilo la mwisho, akapaza sauti, "Haya mama, tembea tukuone!"

Mtoto akashuka. Akapiga hatua chache, akasimama. Akawatazama wale wanawake mmoja baada ya mwingine, wote wanatabasamu, wote wa manjano. Vigelegele vikafifia. Uso wake ukaanza kukunjamana.

Mama yake alikuwa palepale katikati yao, mikono ameifungia nyuma. Alikuwa ametii amri yangu kupita nilivyotaka kutiiwa. Baadaye aliniambia alidhani hata kumwita ni kumsaidia. Mimi nikataka kusema, "Yule pale," nikashindwa. Jamani, mgeni ndiye amwonyeshe mtoto mama aliyemzaa? Niliona uchungu, na nikaona haya kwa niaba ya dunia nzima.

Ndipo yule mama akageuka. Nilidhani anakimbilia ndani kulia. Kumbe aliishusha khanga ya kichwani, akachuchumaa, akampa mtoto mgongo, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka ile mitano. Mtoto asiyetembea haoni sana uso wa mama yake. Anachokijua ni kisogo, masikio na shingo.

Mtoto akatulia. Akaenda, vyuma vinagongana, akaliangusha gongo mchangani. Akaulalia ule mgongo na kuikumbatia ile shingo kwa mikono yote miwili. Akafumba macho.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama hakugeuka wala hakuinuka. Machozi yanamdondoka, bado kachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Dokta, nisimame naye?"

"Simama, dada yangu," nikamwambia. "Simama."